Mifupa ya Ndugu Yetu

Juma lililopita mzee mmoja wa darasa la ubatizo aliniuliza: «Mwalimu, ikiwa roho imekwisha kwenda kwa Mungu, mifupa yatafutwa kwa nini?» Sikumjibu upesi.

Mwezi wa Machi 2015, usiku, maiti 421 zilizikwa katika kaburi la shirika huko Maluku, upande wa Kinshasa. Serikali ilisema ni maskini wasio na jamaa, watoto waliozaliwa wafu, na watu wasiojulikana. Labda ndivyo kwa wengi. Lakini walikuwako wazazi ambao watoto wao walipotea, wengine katika ghasia za Januari mwaka ule ule, wengine katika msako wa polisi ulioitwa Likofi. Mwezi wa Juni wakaomba mbele ya sheria kaburi lifunuliwe.

Kumzika maskini ni tendo la huruma. Tobiti naye alizika kwa siri. Lakini yeye alijificha mfalme, hakuwaficha ndugu wa marehemu. Tofauti ni hapo. Mama asiyejua mwanawe yuko wapi hawezi kumlilia sawasawa, maana huenda yu hai. Wala hawezi kumngojea sawasawa, maana huenda amekufa.

Basi nilimwambia mzee: roho haina haja ya kaburi, mama ndiye mwenye haja. Akanyamaza kitambo, kisha akataja jina la mdogo wake aliyepotea vitani, jina ambalo sikupata kulisikia kinywani mwake hata siku moja.