Shahada ya Jirani na Cheti cha Tabia Njema

Binti wa ndugu yangu, mzaliwa wa Kinjumbi katika wilaya ya Kilwa, aliolewa na mtu aliyekwisha kufanya maskani yake Kanada, na baada ya arusi ikampasa, kama inavyompasa kila aombaye ukaazi wa kudumu katika nchi ile, kuleta ushahidi wa polisi wa kila nchi aliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza umri wa miaka 18. Kwa kuwa alipata kufanya kazi ya nyumbani Maskati kwa muda wa miaka miwili, vyeti vilivyohitajiwa vikawa viwili, kimoja cha Tanzania na kimoja cha Omani. Nami nilikuwa mwenzi wake katika kukitafuta kile cha kwanza. Watu wetu hukiita cheti cha tabia njema. Jina hilo limenishughulisha moyo tangu siku ile, kwa sababu tabia njema, katika dini na katika malezi ya pwani, ndiyo rasilimali pekee ambayo mtu huzikwa nayo, na nilitamani kujua ni nani mwenye mamlaka ya kuipigia muhuri.

Safari ilianzia barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyemjua binti huyo tangu akibebwa mgongoni, maana mtu haendi polisi mikono mitupu; hutakiwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mahali anapokaa. Tulimwamkia, akaitikia, akasikiliza shida yetu, akachukua kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mwanangu," alimwuliza, "kuna mtu anayekudai hapa kijijini?"

Binti alifikiri kidogo. "Nadaiwa dukani, baba. Kilo mbili za sukari, tangu mwezi wa Ramadhani."

"Basi kalipe kwanza. Muhuri upo, haukimbii."

Alikwenda, akalipa, akarudi, na barua ikaandikwa. Wakati ule niliona mzee ametukawiza bure, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Lakini sasa naamini ya kwamba katika safari yetu nzima, toka baraza ile mpaka siku cheti kilipotoka, yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali juu ya tabia.

Kituoni tulipokewa na afisa mpole, ambaye alimshika binti kidole kimoja baada ya kimoja, akakiviringisha juu ya wino na kisha juu ya karatasi, hata vikatimia 10. Alipoinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, uso wake ulibadilika. Mahali palipotazamiwa mistari myembamba iliyozungukana kama duara za maji palikuwa na madoa meusi matupu. Akamfuta vidole kwa spiriti, akarudia, na mambo yakawa vile vile.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuyaona hayo mara nyingi. Korosho, kama wajuavyo watu wa Lindi na Mtwara, ina ganda lenye mafuta makali yanayobabua ngozi, na mwanamke aliyekaa miaka mingi akikaanga na kubangua nyumbani kwa mamake hupoteza kidogo kidogo michoro ile ambayo Muumba aliiweka kwenye ncha za vidole vyake. Akashauriwa aipumzishe mikono kwa majuma kadhaa, aipake mafuta, kisha arudi. Alirudi, na mistari ilikuwa imeanza kuota upya, nayo ikasomeka. Nimelitafakari sana jambo hilo: mikono iliyoshinda kazini haikutambulikana, na ile iliyokaa pasipo kazi ndiyo iliyotambulikana, na kama kuna ushahidi wowote wa tabia uliokuwamo katika mikono ile, basi ulikuwamo katika yale madoa yaliyokataliwa.

Wala sitaki kuidharau elimu ya alama za vidole. Msahafu wenyewe, katika Sura ya Kiyama, unataja kwamba Mwenyezi Mungu ni muweza wa kuzirejesha hata ncha za vidole vya mwanadamu aliyekwisha kuwa vumbi, na wanazuoni wengi wa zama zetu huona katika kutajwa huko ishara kwamba kila mtu amepewa mchoro wake asioshirikiana na mwingine. Lakini yafaa tukumbuke njia ambayo elimu hiyo ilipitia hata ikatufikia. Mwaka 1858, huko Bengali, mtawala mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi Mhindi atie kiganja chake kwenye mkataba ili asije akaukana. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Kalkuta, na mwaka 1901 nyingine ikafunguliwa London. Na kwa jirani zetu wa Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 iliyokuja kumlazimisha mwanamume wa Kiafrika kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Alama ya kidole, basi, katika asili yake ya kiserikali, ilitakwa kwa mtu ambaye neno lake halikuaminiwa. Leo hutakwa kwa kila mtu, tajiri na maskini, na huo ni usawa wa namna fulani. Walakini haikuacha kuwa ni elimu ya kujua huyu ni nani, wala haijawa elimu ya kujua huyu yukoje.

Alama zile hupelekwa Dar es Salaam, zikalinganishwa na kumbukumbu za wahalifu, na ikiwa hakuna kilichoonekana, cheti hutolewa. Maana yake ni moja tu: katika madaftari yetu hatukuliona jina lake. Ni kauli ya haki, tena ina nasaba na kanuni kongwe ya fikihi isemayo kwamba asili ya mtu ni kuepukana na dhima mpaka bayana isimame juu yake. Na hakimu wa Kiislamu, kama hakimu wa serikali, ameamrishwa kuhukumu kwa dhahiri na kumwachia Mungu yaliyo batini. Ingekuwa msiba mkubwa kama polisi wangedai kuzijua nyoyo. Kosa, kwa hiyo, haliko katika cheti, bali katika jina tulilokipa, na zaidi katika mazoea yanayotokana na jina hilo, ya kudhani kwamba aliyekosekana katika daftari la waovu amekwisha kuandikwa katika daftari la wema. Mtu aweza kumdhulumu mkewe miaka 20, akala mali ya yatima, akapunja mizani ya ufuta kila msimu, na daftari lile likabaki jeupe.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab aliletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe, naye akamwuliza mambo matatu: je, wewe ni jirani yake, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Umepata kusafiri naye, maana safari hufunua tabia? Umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Yule mtu alipojibu la katika yote, Umar akamwambia pengine umemwona msikitini tu, akiinamisha kichwa na kukiinua, nenda, humjui. Tazama jinsi maswali hayo yalivyo madogo na jinsi yanavyokwenda mbali. Mwenyekiti wetu hakuhitaji kuuliza la kwanza, kwani jirani ni yeye mwenyewe. La tatu aliliuliza kwa kilo mbili za sukari. Na lile la safari lingeweza kujibiwa na bibi mmoja wa Maskati, ambaye binti yetu alimlelea watoto na kumpikia futari kwa miaka miwili, na ambaye polisi wa nchi yake hawakuwa na sababu ya kumwuliza.

Ushahidi wa mgeni, hata ukiwa wa kweli, una upungufu wake, na sisi wa Kilwa tunao mfano mkubwa mlangoni petu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani, akakaa muda mfupi, na katika habari za safari zake akawashuhudia watu wa mji ule kuwa wameshika dini na wema na kwamba ni wa madhehebu ya Shafii, na akamsifu sultani wao, Abu al-Mudhaffar Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Hiki ndicho cheti cha tabia njema cha kale kuliko vyote tulivyo navyo, na kwa karibu miaka 700 tumekionyesha kwa fahari. Lakini msafiri yule yule aliandika pia kwamba sultani huyo alikuwa akienda mara kwa mara kuishambulia nchi ya Wazanji na kuteka nyara. Waliotekwa hawakuulizwa. Kama Ibn Battuta angalivuka hata bara iliyoelekea kisiwa kile, akaketi chini ya mti na mama aliyepotewa na mwana, ushahidi wake ungalikuwa na mlango wa pili. Tangu nilipofahamu hilo, kila ninapoona muhuri hujiuliza ni nani aliyeulizwa na ni nani aliyeachwa.

Huenda msomaji akapinga, na pingamizi lake ni la haki, kwamba jirani naye si malaika: ana husuda, ana ugomvi wa mipaka ya shamba, na katika vijiji vyetu ulimi wa jirani umepata kuwatia bibi vizee katika tuhuma za uchawi wasizozijua. Dhidi ya ulimi wa namna hiyo, daftari la serikali ni ngao ya mnyonge, kwa kuwa halisikilizi uvumi. Nakubali. Jirani huona, ila huenda akachukia. Serikali haichukii, ila haioni. Ndiyo sababu sisemi barua ya mwenyekiti ichukue mahali pa cheti; nasema mwenye cheti asijione ametosheka nacho, na mwenye kijiji asijione amekwisha kazi yake kwa kuwa polisi wapo.

Liko jambo moja ambalo cheti chenyewe kinafundisha pasipo kukusudia. Kile cha nchi anayoishi mwombaji hutakiwa kiwe hakikupita miezi 6 tangu kilipotolewa mpaka siku ya kupeleka maombi. Baada ya hapo hurudi kuomba tena. Wengi huliona hilo kuwa adha, nami nimeliona kuwa hekima. Tabia si kitu kilichoshuhudiwa mara moja kikawekwa sandukuni. Aliye mwema leo yuko katika hatari kesho, na aliyeanguka jana mlango wake haujafungwa. Hapa ndipo madhehebu yetu ya Shafii yanapopendeza: aliyemsingizia mwenziwe uzinzi hukataliwa ushahidi wake, lakini akitubu toba ya kweli, Imamu Shafii asema ushahidi wake hurudi kukubaliwa, ilhali Imamu Abu Hanifa asema haurudi. Mabaharia na wanazuoni walioleta madhehebu haya mwambao wetu walituletea pamoja nayo imani kwamba neno la mtu laweza kuzaliwa upya. Madaftari ya dunia hayana budi kukumbuka, maana usalama wa watu umo humo. Lakini Malaika waandikao kuliani na kushotoni hawafungi kitabu mpaka pumzi ya mwisho, na Mola wao ni Mwenye kusitiri.

Pwani yetu, maiti anapokuwa tayari kusaliwa, msimamizi wa mazishi husimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi, kisha watu hutakwa wamshuhudie, nao humshuhudia kwa kheri. Niliposikia tangazo hilo katika mazishi ya juzi, ndipo nilipoufahamu moyo wa yule mzee. Yeye hakuwa akijaza fomu. Alikuwa akimuaga mtu anayekwenda mbali, mahali ambapo hakuna atakayemjua kwa jina la babaye, na alitaka aondoke kama tunavyotaka sote tuondoke, pasipo haki ya mtu shingoni.

Cheti kilitoka, kikaelekea Kanada, na kinasema kweli: hapana kilichoonekana. Ile barua ya barazani, iliyosema kwamba namjua binti huyu na wazazi wake, haikusafiri. Imebaki katika jalada la kituo, chini ya barua nyingine. Lakini mwenye duka wa Kinjumbi hamdai tena, naye atakapoulizwa habari zake na mtu yeyote, katika dunia hii au mbele ya Mwenye hisabu, anayo ya kusema.