Aliyeondoka Anaporudi Kuomba Kiti



Pale njia panda ya Nanganga, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Lindi na Masasi, watu wangojao gari huzungumza mengi. Mwaka 2025 walimzungumzia Joseph Kabila. Aliiongoza Kongo tangu 2001 hadi Januari 2019, kisha Mei 2025 akatokea Goma, mji ulioshikwa na waasi wa M23. Seneti ilikuwa imekwisha kumwondolea kinga, na Septemba 30 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo naye hayupo. Kwa kuwa alisoma hapa Tanzania na Kiswahili anakijua, wengi walimwonea huruma. Mzee mmoja wa mtaa wetu akatuuliza baada ya Misa, "Mwalimu, Mkristo anawezaje kumkatalia mtu aliyerudi? Hata Petro alirudishwa."

Swali hili lilitunyima usingizi, kwa sababu sisi tuliwahi kulijibu upesi mno.

Mwaka 1980 tulikuwa wanachuo wa ualimu. Milton Obote alikuwa mgeni wa Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tangu Idi Amin alipompindua Januari 25, 1971. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, Amin amekimbia, sabuni na sukari ni za kupanga foleni. Katika kijiji cha jirani na kwetu kijana mmoja alikwenda vitani na mgambo wenzake, wala hakurudi. Obote alipotua Bushenyi, Mei 27, 1980, tulisikia habari kwenye redio bwaloni tukapiga makofi. Tulidhani sasa damu ya yule kijana imepata maana.

Ikaja Desemba, uchaguzi. Paulo Muwanga, aliyeongoza Tume ya Kijeshi, alijitwalia mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo. UPC, chama cha Obote, kikatangazwa mshindi; DP ya Paul Ssemogerere ikalalamika; Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni. Kilichofuata Luwero ni mauaji ya watu maelfu kwa maelfu, wakulima kama sisi. Julai 27, 1985 makamanda wa Obote walimpindua, kama vile kamanda wake mwingine alivyompindua 1971. Alifia Johannesburg mwaka 2005.

Tulikosea wapi? Tulimpima Obote kwa Amin. Baada ya utawala uliomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977, nani asingeonekana mwema? Jiwe la mizani lilikuwa bovu. Tulipaswa kumpima kwa miaka yake mwenyewe. Mwaka 1966 aliisimamisha katiba, akamtuma huyo huyo Amin na askari kuishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mwaka 1969 vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Tuliokaa karibu na redio hatukumbuki kumsikia akirudi na neno la majuto juu ya Mengo. Tulisikia habari za aliyotendewa. Aliyoyatenda yeye hatukuyasikia, wala hatukuuliza.

Sasa Petro. Mzee wetu asome tena habari ile ya ufukweni. Petro alikwisha kulia kwa uchungu kabla ya siku ile. Hakuja kudai nafasi yake. Aliulizwa, tena mara tatu, hesabu ile ile aliyokana, mpaka akahuzunika. Alipopewa kazi aliambiwa pia jinsi itakavyomwisha. Mtu anayerudi akiwa na askari nyuma yake, au na orodha ya waliomdhulumu, haulizwi kitu na mtu. Kiongozi wa namna hiyo hatufanani naye kwa kumwonea huruma, na huruma si kura.

(Jirani yetu wa Lupaso, Rais Benjamin Mkapa, alimaliza kazi mwaka 2005, hakurudi kukiomba kiti. Alipoonekana tena, Kenya mwaka 2008 na Burundi mwaka 2016, aliitwa apatanishe.)

Lakini mzee hakukosa kabisa. Ipo hatari ya kumfungia mtu mlango tukajiita wenye hekima, kumbe ni kinyongo tu. Kusamehe tumeamriwa, hatukuachiwa tuchague. Shida ni kwamba tumezoea kuyafunga mambo mawili katika kitambaa kimoja: kumsamehe mtu, na kumkabidhi tena funguo. La kwanza ni langu na lako, twaweza kulifanya leo hii. La pili lina wenyewe, nao ni wale watakaoumia akikosea tena. Wakulima wa Luwero hawakuulizwa na wanachuo waliopiga makofi bwaloni.

Tuliwahi kuliona jambo hili kwa macho, dogo kama lilivyo. Miaka ya nyuma mpimaji wa korosho katika chama kimoja aligunduliwa kuwa mizani yake inakula kilo. Akaondolewa. Baada ya misimu michache akaja mkutanoni, akakiri mbele ya wote, akamrudishia mjane mmoja fedha zake. Watu walilia. Ndipo mtu mmoja akapendekeza arudishiwe mizani. Yule mjane akasimama akasema amemsamehe, na mizani apewe mwingine.

Mizani ilipewa kijana mwingine. Yeye anapalilia mikorosho yake hadi leo, na Jumapili tunapopeana amani, mjane yule humpa mkono.