Mbegu Iliyobadilishwa

Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa, Oktoba 2022, marufuku ya Novemba 2012 juu ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, twaulizwa: je, huku si kule kubadili maumbile ya Mungu kulikokatazwa katika Suratin-Nisaa?

Sisi hatuoni kuwa hiyo ni hoja. Watu wa Madina wakiipandishia mitende kwa mikono yao, na Mtume (S.A.W.) akawaachia, kwa kuwa ni jambo la ujuzi wa dunia. Mahindi yenyewe asili yake ni nyasi ya Mexico, iliyogeuzwa na wakulima kwa maelfu ya miaka. Wala hatujasikia aliyeuharamisha ugali.

Faida ipo. Mahindi yaliyotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni huwaua viwavi watoboao mabua, na mkulima akapunguza kunyunyiza sumu. Lakini viwavi nao huzoea: Afrika Kusini ilitangazwa mwaka 2007 kuwa wamepatikana wasiodhurika tena.

Linalotushughulisha zaidi ni mauzo. Mbegu nyingi za namna hii zina hataza, na mkataba huweza kumkataza mnunuzi asiweke mbegu ya mwakani, kama walivyoweka bibi zetu juu ya meko. Asiyeelezwa hayo kabla ya kutoa fedha yake ameingizwa katika gharari. Na mlaji je? Kanuni za Kenya za 2012 zataka chakula hiki kiandikwe alama. Lakini unga upimwao kwa kibaba dukani hauna pa kuandikwa kitu.