Butura

Kijijini kwetu, wilayani Kyerwa, asubuhi huanza na ukungu. Kwa shangazi yangu siku ilianza ukungu ukishaondoka, kwa sababu mpaka jua lipande vidole vyake vilikuwa havikunjiki. Alikaa kitandani akivisugua. Kufuli ya jikoni aliifungua mjukuu. Kumenya ndizi, kazi ambayo wanawake wa kwetu huifanya huku wakipiga soga bila hata kuangalia kisu, kulimtoa machozi.

Tuliita baridi yabisi, na jina likatupotosha. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya milima na baridi ipo, kwa hiyo kila mtu alijua sababu, na kila mtu alimletea sweta. Lakini ugonjwa wake, ule ambao madaktari huuita rumatoidi, hauletwi na baridi. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui: inashambulia utando wa ndani wa viungo, mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Usipotibiwa, viungo hulika na kupinda, na havinyooki tena.

Kisha mtu akamwelekeza kwenye duka la dawa. Alirudi na vidonge vya rangi mbili vilivyofungwa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu. Baada ya siku tatu alishika jembe. Mwezi uliofuata alicheza kwenye harusi ya jirani. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, na watu wakamsifu kwamba amenawiri, watoto wanamtunza.

Nilikuwa chuoni. Niliporudi likizo nilimwamkia, nikauangalia ule uso, kisha nikaomba kuona karatasi. Moja ya dawa zile ilikuwa prednisoloni.

Dawa hii si sumu, na historia yake inastahili heshima. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni, ndugu yake prednisoloni, mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huu. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Madhara ya kuitumia muda mrefu yakaonekana baadaye: mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, mwili kushindwa kupambana na maambukizi, na uso ule wa mviringo ambao sisi tuliuita afya.

Nilimweleza yote hayo kwa fahari ya mtu aliyesoma. Akanisikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unaniambia habari za mifupa ya miaka kumi ijayo. Mimi nina magugu ya wiki hii."

Nikamjibu kwamba anachofanya ni butura.

Kwa asiyetoka Kagera, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu. Mwenye fedha anakupa kiasi kidogo leo, na msimu ukifika anavuna yeye. Viongozi wameipiga marufuku mara nyingi, nasi wasomi tunaizungumza kama upumbavu wa wakulima. Nilidhani nimepata mfano mzuri. Neno lilimchoma. Kesho yake alizitupa dawa zote chooni, nami nikarudi chuoni nikijiona mkombozi.

Siku chache baadaye nilipigiwa simu. Alikuwa anatapika, hana nguvu ya kusimama, shinikizo la damu limeshuka, na viungo vimevimba kuliko mwanzo. Walimkimbiza hospitali. Huko ndiko tulikofundishwa nilichopaswa kukijua kabla ya kufungua mdomo: mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu haiachi ghafla. Mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na unahitaji kupunguziwa dozi kidogo kidogo ili uanze upya. Nilichomwambia juu ya mifupa kilikuwa kweli, na kilikaribia kumuua.

Tangu hapo nimelifikiria lile neno butura. Anayeuza maua ya kahawa mara nyingi si mpumbavu. Ada ya mtoto inadaiwa Januari, na kahawa haijui Januari. Anajua atapata hasara, bei ameambiwa, na amechagua. Shangazi hakuwa na hata hilo. Karatasi ile haikuwa na jina wala bei. Alikopa kesho yake bila kuambiwa kwamba ni mkopo. Nadhani kosa la kwanza liko hapo, katika kumficha mtu gharama. Kutaka nafuu si kosa.

Kosa la pili ni langu. Ni rahisi sana kumwambia mwingine avumilie kwa ajili ya kesho ikiwa magugu si yako. Marufuku isiyoleta ada ya Januari inamwacha mkulima pale pale, akiwa na aibu juu ya shida.

Tulimpeleka Mwanza, hospitali ya rufaa. Wakati huo daraja la Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukavuka kwa kivuko. Daktari hakumlaumu. Alimrudishia prednisoloni kwa dozi ndogo, ya kupunguzwa taratibu, akamwanzishia methotreksati. Dawa hii hutumika pia kwa saratani. Kwa baridi yabisi hutolewa kwa dozi ndogo mara moja tu kwa wiki, kwani kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Huambatana na asidi foliki, damu na ini hupimwa, na rubisi anaisikia kwa majirani tu. Zipo pia sindano mpya zaidi, na moja, adalimumabu, iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, lakini bei yake si ya mtu anayeishi kwa kahawa.

Methotreksati huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kuonyesha kazi yake. Shangazi alicheka: "Dawa gani hii inayofanya kazi nikishaisahau?" Ndipo nilipoelewa kwamba daktari naye alikuwa amemkopesha. Ile prednisoloni kidogo ilikuwa ya kumvusha mpaka mavuno. Tofauti ni kwamba huyu alimtajia bei, akamwandikia tarehe ya kurudi.

Sehemu yangu ikawa ndogo na ya kuchosha. Nilituma fedha za kibarua wa palizi kwa miezi mitatu, nikakatwa kwenye chakula changu cha chuo. Kila Jumapili jioni nilipiga simu kuuliza kama amemeza, na Jumatatu nilipiga kuhakikisha hajameza tena. Wakati mwingine alikasirika. "Unanilinda kama mwizi," alisema, na hakukosea sana.

Sijui kama nina haki ya kumwomba mtu maumivu ya leo kwa ajili ya mikono ya kesho. Ninachojua ni kwamba nikiomba, sehemu ya leo hiyo inakuwa yangu pia. Uso wake sasa umepungua, na wapo wanaomhurumia kwamba amekonda. Vidole viwili vilikwisha kupinda, havitarudi. Juzi alinipigia yeye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado uko chini. Nilishtuka nikidhani ni habari mbaya. Nilimsikia akimenya ndizi.