Yule Mwingine Atakayekuvika



Fungueni Yohana 21:18. Bwana wetu anamwambia Petro kwamba alipokuwa kijana alijivika mwenyewe na kwenda alikopenda, lakini akiwa mzee atanyosha mikono, na mtu mwingine atamvika na kumpeleka asikopenda. Mwinjili anaeleza papo hapo kuwa maneno hayo yalihusu kifo cha Petro, wala sitaki kuyapindua. Ila aliye na mzee mwenye maradhi ya kusahau, ambayo matabibu huyaita demenshia, hawezi kuyasoma bila kumkumbuka mzee wake. Duniani wagonjwa hao ni zaidi ya milioni 55. Basi tumtazame huyo "mwingine". Anamvika mzee kwa namna gani?

Tom Kitwood, Mwingereza, alipata daraja la upadre katika Kanisa letu, akafundisha Uganda, na baadaye Chuo Kikuu cha Bradford. Yeye na wenzake waliketi kwa saa nyingi katika makao ya wazee, wakiandika kila dakika 5 yaliyompata kila mzee. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alionyesha kuwa si ugonjwa peke yake unaomvunja mzee. Huvunjwa pia kwa kuzungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo, kwa kuharakishwa kula, kwa kudanganywa ili atulie, kwa kubembelezwa kama mtoto mchanga. Na wafanyao hayo mara nyingi si wakatili, kazi imewazoeza. Sisi walimu tunaijua hali hiyo: darasa likijaa mno, mwalimu huanza kuitumikia kengele badala ya mtoto.

Huko Weesp, Uholanzi, kuna mahali paitwapo Hogeweyk. Zamani palikuwa na makao yaliyofanana na hospitali. Tangu mwaka 2009 wazee wenye maradhi haya wanakaa humo katika nyumba ndogo, watu 6 au 7 kila nyumba, na chakula hupikwa jikoni mwao. Wauguzi huvaa nguo za kawaida. Mzee hutoka, huenda dukani, hutembea barabarani. Lango la nje tu ndilo hulindwa. Wapo wanaosema kijiji hicho ni mchezo wa kuigiza, yaani udanganyifu uleule. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kitunguu kinachokaangwa jikoni hakiigizi harufu yake.

Sisi hupenda kujisifu kwamba wazee wetu hatuwapeleki katika makao. Je, chumba cha uani, mlango umefungwa kwa nje na sahani imesukumwa ndani, ni nini? Tena katika nchi yetu ya Tanzania vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake hudhaniwa upesi.

Mama aliyelea nyumba miaka 50 apewe maharage achague, hata akichanganya mabovu na mazima. Mtayachagua tena akilala. Aulizwe ataka kanga ipi. Asemeshwe yeye, si binti yake.

Nanyi wazee wa Kanisa, yaandikeni majina yao katika orodha ya Komunyo ya wagonjwa. Padre akifika, asiulize kwanza kama mgonjwa anaelewa. Amwite jina lake la ubatizo, aanze Baba Yetu polepole, kisha anyamaze kidogo amngojee.