Hatia ya Ndugu na Kalamu ya Mshairi

Je, yafaa mtu aandike juu ya kifo cha ndugu yake ilhali mkono wake mwenyewe ndio uliokisababisha? Swali hili latukabili katika maisha ya Gregory Orr, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947. Akiwa na umri wa miaka 12, katika mawindo, alimwua mdogo wake Peter kwa risasi ya bahati mbaya. Hakukusudia, lakini hatia haiulizi kusudio. Nyumbani kukatanda kimya, kwa maana wafiwa walishindwa kufarijiana. Mkutubi wa shule yake ndiye aliyemfungulia mlango wa ushairi, na mwaka 2002 alisimulia msiba huo katika kitabu chake The Blessing, yaani Baraka.

Wako watakaosema kwamba huko ni kujitafutia sifa kwa damu ya nduguye. Sisi twaona vingine. Shairi halifuti kosa wala halimrudishi marehemu; lakini marehemu asiyetajwa hufa mara ya pili. Mwandishi akijitakasa, amemdhulumu. Akikiri, amemtendea haki.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akituletea insha yenye msiba wake, tuisome kwanza kabla ya kushika kalamu nyekundu.