FUNDI, CHETI NA DHAMANA

Msafiri avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani hachelewi kufika mbele ya Msikiti Mkuu. Wengi huutazama kwa ajili ya uzee wake, maana sehemu yake ya kwanza ilijengwa yapata miaka 900 iliyopita. Wengine husifu kuba zake. Ni wachache waambiwao ya kuwa jengo hilo lilipata kuanguka. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, aliupanua msikiti huo, akasimamisha nguzo za matumbawe, kila nguzo jiwe moja zima. Baadaye ukaporomoka, na tarikhi ya kale ya Kilwa yasimulia kwamba watu walikaa miaka mingi wakisali chini ya vibanda, mpaka ulipojengwa upya katika karne ya 15.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu ya neno linalosemwa sana katika pwani hii, toka Somanga hadi Mchinga na Lindi mjini, na hata huko bara. Watu husema: "Wazee wetu walijenga majumba ya mawe bila cheti, nayo yangali yanatazamwa na ulimwengu mzima. Kwa nini leo fundi wetu aulizwe karatasi?" Neno hilo si la kudharauliwa. Lina heshima kwa wazee, tena lina uchungu ndani yake. Maana asemaye hivyo mara nyingi ni mtu aliyeshika mwiko tangu ujana wake, naye aona kijana aliyetoka chuoni jana akiitwa mkandarasi, hali yeye angali akiitwa fundi wa mtaani. Basi yatupasa kuuliza kwa uaminifu: je, ni haki kumzuia mwenye mkono unaojua asichukue kazi kwa jina lake mwenyewe, mpaka amekwisha kusoma na kupimwa?

Kwanza tuseme sheria yenyewe, kwa kifupi. Mwaka 1972 nchi yetu ilitunga sheria iliyowaweka wasanifu wa majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wa majengo chini ya bodi moja. Mwaka 1997, kwa Sheria Namba 17, makandarasi wakapewa bodi yao wenyewe, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Tangu hapo hapana ruhusa mtu kufanya biashara ya ukandarasi pasipo kusajiliwa. Wajenzi wa majumba wamepangwa katika madaraja saba, la saba likiwa la chini na la kwanza likiwa la juu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Aombaye huulizwa mambo matatu: elimu na uzoefu wa yule atakayesimamia ufundi katika kampuni yake, vyombo vya kazi alivyo navyo, na fedha za kuendeshea kazi. Hayo ndiyo matakwa. Swali letu ni maana yake.

Ni kweli kwamba wajenzi wa Kilwa ya kale hawakuwa na cheti. Lakini tusidhani kwamba hawakuwa na msimamizi. Mji wenyewe ulikuwa msimamizi wao. Mwashi aliishi karibu na nyumba aliyoijenga, akapita mbele yake kila siku, na watoto wake walilala chini ya paa kama lile alilomjengea jirani. Hata vifaa vilimtia adabu. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuwa kipana kupita kiasi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, upana wake ukifuata urefu wa boriti. Chokaa ilichomwa kwa matumbawe na kuni, ikazimwa, ikangojwa. Haikuwezekana kumfanyia haraka mtu aliyeingoja kwa miezi. Na pamoja na hayo yote, msikiti ulianguka. Basi hao wanaoutaja kuwa shahidi wao, yafaa waeleze ushuhuda wake mzima.

Siku hizi mambo yamebadilika, wala si kwa sababu watu wamekuwa wabaya kuliko babu zao. Yamebadilika kwa sababu ya zege. Ukuta wa mawe ukiwa na kasoro, mara nyingi huonyesha: hupinda, hutoa ufa, huacha jiwe. Zege lina tabia nyingine, huficha. Likishamwagwa na kupigwa lipu hapana jicho, hata la mhandisi, liwezalo kuona ni saruji kiasi gani iliyomo, nondo ni nene kiasi gani, wala kama zimefungwa mahali pake. Fundi aonaye zege ni gumu kusukuma huongeza ndoo ya maji, nalo hulainika, kazi ikaenda mbio; lakini kwa ndoo ile amelipunguzia nguvu. Mafundi wana msemo wao, "zege halilali", na ni msemo wa kweli: lililochanganywa leo limwagwe leo. Ila wengi wameshika nusu ya somo. Zege halilali siku ya kumwagwa, lakini baada ya hapo lataka kutunzwa kama mgonjwa, linyweshwe maji siku saba au zaidi, na nguvu yake hupimwa ikiwa imetimiza siku 28. Ni mara ngapi tumeona mbao zikivuliwa kabla ya wakati kwa sababu zinangojwa kwenye kazi nyingine?

Kwetu pwani kuna hatari yetu wenyewe, nayo ni mchanga wa bahari. Upo mlangoni, hauna bei, ni mweupe na mzuri kwa macho. Lakini una chumvi, na chumvi huila nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu huvimba, ikavimba hupasua zege kutoka ndani; ndipo mwenye nyumba aonapo, baada ya miaka kadhaa, vipande vikidondoka darini na chuma chekundu kikichungulia. Mwenye kuijenga ameshalipwa zamani, na pengine amekwisha kuhama mkoa. Nani angemwambia yule mama wa Kivinje, aliyeuza ufuta wa misimu mitatu ili apate nyumba ya tofali, kwamba mchanga uliokuwa ukipakuliwa uani mwake ulikuwa na ugonjwa?

Hapa ndipo tunaponuia kufika. Mama huyo hawezi kujua. Si mjinga, hakujifunza kazi hiyo, kama vile mwashi asivyojifunza kupima damu. Mtu asiyeweza kujua hulazimika kuamini, na mwenye kuaminiwa namna hiyo amechukua dhamana juu ya uhai wa wengine. Cheti cha mkandarasi, basi, si taji la kumsifu mwenye nacho. Ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu wasiomjua: ya kwamba mtu huyu amefundishwa, amepimwa, na anaweza kupatikana na kuulizwa. Zamani mji ulimjua fundi wake. Leo mkandarasi wa Mbeya aweza kujenga shule Ruangwa, na watoto watakaokaa chini ya paa lake hawatauona uso wake kamwe. Karatasi imeshika mahali pa macho ya mji.

Kwa sababu hiyo mafunzo yapasayo kutangulia leseni hayawezi kuwa mafunzo ya mkono peke yake. Kijana anayetaka ukandarasi hana budi kujua kusoma mchoro, kupiga hesabu ya vifaa bila kubahatisha, kupima udongo kabla ya kuchimba msingi, kuelewa mkataba kabla ya kuutia sahihi, kuwalinda vibarua walio juu ya jukwaa, na kutenga fedha za mteja mbali na fedha za nyumbani kwake. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, nalo ndilo liangushalo wengi. Malipo ya awali hupokelewa, harusi ikatokea, pikipiki ikanunuliwa. Na kazi ifikapo kwenye linta, saruji ikaanza kupungua katika mchanganyiko. Ukuta ule mbovu haukutokana na ujinga wa uashi. Ulitokana na daftari ambalo halikuandikwa.

Katika Agano la Kale, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo darini, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko. Tuangalie vema: hatia haimngojei mtu aanguke. Yaanza pale ukingo unapoachwa.

Sasa tuligeukie kosa lililo kubwa kuliko la fundi asiye na cheti, nalo ni la mwenye cheti akiazimishaye. Jambo hili linajulikana. Kampuni iliyosajiliwa hutoa jina lake, bango hutundikwa penye uwanja wa kazi, lakini mwenye jina hafiki. Anayejenga ni mwingine, na mwenye cheti hupokea fungu lake kama mwenye nyumba apokeavyo kodi. Pengine mtaalamu huweka sahihi yake katika kampuni ambayo hata mlango wake haujui. Watu huliita jambo hili kusaidiana. Sisi twaliita ushahidi wa uongo, uliokatazwa katika amri ya nane, kwa maana bango lile linawaambia wapitao njia neno lisilo la kweli, nao wanaliamini. Fundi asiye na cheti angalau hamdanganyi mtu. Mteja ajua aliyemchukua. Huyu wa pili amemwibia mteja hata uwezo wa kuogopa.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi, likaua watu 36. Kati yao walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ghorofa zile zilikuwa zimezidi kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, nao waliokufa walizidi 20. Hatusemi kwamba misiba hii ilikuwa na sababu moja. Twasema tu kwamba wote waliokufa humo walikuwa wamewaamini watu wasiowajua.

Lakini tusije tukamwonea yule fundi wa mtaani tuliyeanza naye. Ana madai ya haki, na yanataka jibu. Alianza kwa kubeba ndoo akiwa saidia fundi, akapewa mwiko mwaka wa tatu, leo anajua kusoma timazi kwa jicho. Anaambiwa akasome. Kwa lugha gani? Michoro mingi, zabuni na mikataba imeandikwa kwa Kiingereza, hali yeye maarifa yake yote ameyapata kwa Kiswahili. Kwa fedha gani? Siku asiyofanya kazi ndiyo siku watoto hawali vema. Ni kweli kwamba VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini, wakajazwa mapungufu yao na kupewa cheti, na chuo chake kipo Lindi. Ni utaratibu mwema, na padri au mwalimu aliye na mafundi katika kijiji chake angefanya tendo la huruma kuwaeleza habari zake. Hata hivyo cheti hicho ni cha ufundi. Toka hapo hadi ukandarasi kuna ngazi ndefu, na vipago vyake vingine vimewekwa mbali mno kwa mguu wa maskini. Sheria inayodai elimu yapaswa pia kuifanya elimu ipatikane. Isipofanya hivyo, wenye fedha watakodi vyeti na wenye ujuzi watakodiwa mikono.

Jambo hili si la nadharia. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2023, na mkandarasi wake akatoka China. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Kilwa, na kazi ya kurudisha madaraja ikahitaji makampuni makubwa. Nazo shule na vituo vya afya vingi vimejengwa na Serikali kwa kuwatumia mafundi wa mitaani badala ya makandarasi, ili fedha itoshe. Mpango huo umewapa wengi kazi, nasi twaufurahia. Ila mwandishi wa haya alipata kumwuliza fundi mmoja, katika kazi ya namna hiyo, kama mhandisi amekwisha kuutazama msingi. Alijibu, "Mzee, usiogope, nimejenga nyingi." Hatukumwuliza ni ngapi zilizosimama, lakini tulitamani awepo mtu mmoja mwenye jina, aliyefundishwa na kupimwa, ambaye angejibu kwa sahihi yake.

Turudi Kisiwani kabla ya kuagana. Ile tarikhi yasimulia kwamba aliyeujenga upya msikiti alikuwa haji mmoja aliyemwomba Sultani ruhusa ya kuujenga kwa mali yake mwenyewe. Sultani akakataa kumpa ruhusa mpaka akubali kupokea mithkali 1,000 za dhahabu. Haji akazipokea, akaziweka, akajenga kwa fedha zake. Sultani alipokufa, akawarudishia warithi wake mithkali zote. Na sehemu kubwa ya jengo lile la karne ya 15, ikiwa imetengenezwa hapa na pale, ingali imesimama.